Mjadala: Tuombe ndege ya kivita MiG-21 ya Uganda ya mwaka 1978 iingizwe kwenye simuleta, au tuiache ilivyo?

Wapenzi wa simuleta za ndege wa Kampala, Entebbe, Mbarara na kwingineko, salaam. Kuna barua inayozunguka tangu wiki iliyopita, wengi mmeiona. Inawaomba watengenezaji wa MiG-21 ya DCS World, simuleta ya kompyuta ya kurusha ndege za kivita, waongeze toleo la MF, lile ambalo jeshi la anga la Uganda lilikuwa nalo miaka ya 1970, pamoja na rangi na alama zetu. Baadhi wamesaini. Wengine wamekataa katakata, wakisema huko ni kumsafisha Amin. Mimi naliunga mkono ombi, lakini barua yenyewe sitaisaini ilivyoandikwa. Nieleze kwa nini, kisha uwanja ni wenu.

Ndege iliyomo sasa ni MiG-21bis, ambayo ilitoka mwaka 2014. Ni ndege nzuri, naipenda, ila siyo iliyokuwa imeegeshwa Entebbe wakati wa Vita vya Kagera. Bis ina injini ya R-25, yenye msukumo wa kilo 7,100 hivi rubani akiwasha moto wa nyuma, yaani mafuta ya ziada yanayochomwa nyuma ya injini. MF ina R-13, kilo 6,490. Matangi ya bis yanachukua lita 2,880, ya MF 2,650. Kwenye karatasi utasema ni tofauti ndogo. Lakini Entebbe iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Ondoka pale saa saba mchana, jua likiwaka, mabomu yakining'inia chini ya mbawa: hewa ni nyepesi, injini inapumua kwa shida, lami inakwisha na magurudumu bado yapo chini, na mbele yako ni ziwa. Hapo utaijua tofauti. Rangi tunaweza kupaka wenyewe, hilo halihitaji barua. Injini, uzito na mafuta ni kazi ya mtengenezaji, na hayo ndiyo ya kuombwa.

Sasa kinachonikera ni kipengele cha tatu, kinachotaka ndege "ipewe uwezo wa kupiga ardhini unaolingana na heshima ya jeshi letu". Hapana. Historia haikuwa hivyo.

Chukueni daraja la Kyaka. Mwanzoni mwa Novemba 1978 majeshi ya Amin yalikuwa yameingia Kagera hadi mtoni, na ndege zikatumwa kulivunja daraja ili Watanzania wasiweze kuvuka. Mabomu yalikosa. Zikarudi tena, yakakosa tena. Daraja lilikuja kuanguka kwa baruti zilizofungwa darajani kwa mkono, kwa msaada wa mtaalamu kutoka migodi ya Kilembe. Sidhani ni kwa sababu marubani wetu walikuwa wajinga. MiG-21 ilibuniwa kupanda haraka na kuiwahi ndege ya adui angani. Kupiga daraja jembamba kwa bomu lisiloongozwa ni kazi nyingine kabisa: unapiga mbizi kwa kasi kubwa, pua refu linakuzibia unachokitafuta, na chini wanakusubiri watu wenye mizinga na makombora ya Strela-2 ya kurushwa begani. Ukiachia mapema kidogo tu, bomu linaangukia majini. Ukichelewa, hutoki. Nataka kijana wa leo akae kwenye kiti kile na akose, aelewe kwa nini walikosa. Tukiomba ndege isiyokosa, tumeomba ndege ya porojo za redio ya Amin.

Jibu, kutoka Masaka:

Kaka, umeandika vizuri kuhusu injini, lakini hukusema neno kuhusu watu. Mimi ni mtoto wa Masaka. Mwaka 1979 mji wetu ulibomolewa, Mbarara vilevile, kulipiza yale askari wa Amin waliyowatendea watu wa Kagera. Baba yangu mpaka leo haongelei vita ile mbele ya watoto. Halafu mtu akae Ntinda, Kampala, na spika masikioni, adondoshe mabomu Bukoba, apate pointi? Kuna wajane wa vita ile ambao bado wapo hai, upande huu na upande ule. Iacheni ndege hiyo makumbusho.

Jibu, kutoka Mwanza:

Mimi niko ng'ambo ya ziwa, naomba niseme. Kwetu Tu-22, ndege ya mabomu ya Libya, ilikuja Machi 1979 kumsaidia Amin. Ikakosa mji, ikapiga kisiwa cha Saanane, wakafa swala. Sipingi ndege yenu kuwemo. Ninachopinga ni sisi kuwemo kama shabaha tu. Tanzania nayo ilikuwa na ndege. Na mkitaka ukweli, uwe wote: mizinga yetu wenyewe iliziangusha ndege zetu karibu na Musoma. Hilo nalo liwekwe.

Mwanzisha mada:

Dada wa Masaka, pole, na asante kwa kulisema. Sitajaribu kukushawishi kwamba ni mchezo tu, maana si mchezo tu. Ila makumbusho unayoyasema ni wangapi wamefika? Vijana wetu vita hii wanaijua kwa vipande vya video ambamo kila upande unajitapa. Humo kwenye simuleta imo Bf 109, ndege ya kivita ya Ujerumani ya Hitler, na sijamsikia anayesema aliyeitengeneza anamsifu Hitler. Watu wameisoma ndege ile mpaka kwenye boliti zake, na wengi wameanzia hapo kuisoma vita yenyewe. Yetu pia inastahili kusomwa hivyo. Kuhusu pointi za Bukoba nakubaliana nawe kabisa: ombi liishie kwenye ndege, na sisi tunaotunga misheni tukubaliane kwamba miji haiguswi. Daraja, uwanja wa ndege, safu ya magari ya jeshi, basi.

Ndugu wa Mwanza, umesema kweli, na napendekeza barua iandikwe upya na watu wa pande zote mbili. MF ilikuwa na Uganda, nayo Tanzania ilirusha ndege zake. Zikiombwa pamoja, hakuna atakayesema ni propaganda ya Kampala. Na Entebbe ya Aprili 1979, Watanzania walipouteka uwanja na kuzikuta MiG pale, iwe sehemu ya habari hiyohiyo.

Jambo la mwisho, na hili nalisema kwa msisitizo. Watengenezaji watataka ushahidi: picha za miaka ile, vitabu vya mafunzo vya MF, kumbukumbu za mafundi waliostaafu. Mtu asithubutu kutuma hati yoyote ya jeshi la sasa. UPDF, jeshi la sasa la Uganda, ilinunua MiG-21 nyingine mwishoni mwa miaka ya 1990, na atakayechanganya karatasi za zile na hizi atajikuta anajieleza mahali pabaya. Mwaka 2021 mchezaji wa War Thunder, mchezo wa kompyuta wa vita, aliweka hadharani hati ya kifaru cha Uingereza cha Challenger 2 ili kushinda ubishi wa namna hii hii, ikafutwa, na ombi lake halikusaidiwa na chochote. Mwenye picha ya familia inayoonyesha mkia au namba ya ndege ya kabla ya 1979, aiweke hapa, aseme ilipigwa wapi na kama mwenyewe ameridhia. Asiyetaka ndege iwemo kabisa, naye aendelee kusema. Rasimu mpya nitaibandika hapahapa, na pingamizi la Masaka litakuwa ndani yake kwa maneno yake mwenyewe, akikubali.