Naombeni ushauri: uzamivu juu ya panki, au ajira ya kufundisha biashara ya muziki?

Pini_Yenye_Kutu (mleta mada)

Habari za humu ndani. Wakubwa, shikamooni. Naomba mnisome hadi mwisho kabla ya kunijibu, maana nimebakiwa na wiki tatu tu za kuamua.

Nina miaka 34. Huu ni mwaka wa nne nafundisha biashara ya muziki chuoni kwa mkataba wa vipindi: nalipwa kwa saa, likizo hailipwi, na kila muhula nasubiri kuambiwa kama nipo au sipo. Uzamili wangu niliufanya juu ya panki. Najua kwa Kiswahili wengi neno hilo tumelizoea kama mtindo wa kunyoa. Mimi nasema ule muziki na lile vuguvugu la vijana lililochomoza New York na London katikati ya miaka ya 1970, na hasa fanzini, vile vijarida walivyojiandikia, wakavitoa nakala na kuvibana pini wenyewe.

Sasa milango miwili imefunguka kwa mpigo. Chuo kimoja kimenikubali kwa uzamivu, mada ni panki, na ufadhili ni wa miaka mitatu. Chuo kingine kinanipa ajira ya kudumu: mikataba, mirabaha, hakimiliki, usimamizi wa wasanii. Vipindi 18 kwa wiki.

Kwenye usaili wa ajira niliulizwa panki itamsaidia nini mwanafunzi anayetafuta kazi. Wiki hiyohiyo profesa ambaye angenisimamia akaniambia niondoe neno biashara kwenye andiko langu, kwamba linashusha hadhi ya utafiti. Siku zile nilikosa usingizi. Kila upande unanitaka nusu.

Na mimi naamini ni kitu kimoja. Wakati wa uzamili nilikaa siku nyingi na sanduku la fanzini. Pini zimeshika kutu, zimeacha alama ya kahawia katikati ya kila ukurasa. Nilitegemea kukuta hasira, na hasira ilikuwepo. Lakini katikati ya habari za maonyesho mawili nikakuta ukurasa mzima wa hesabu, umeandikwa kwa kalamu: studio kiasi gani, kukata masta, ile rekodi mama, kiasi gani, kuchapa santuri elfu moja, karatasi za katikati, majalada, na chini kabisa bei ya kuuzia ili pesa irudi. Aliyeandika aliipigia jumla mistari miwili. Ule ukurasa ndio somo langu la wiki ya tatu, ndugu zangu.

Mwaka jana kijana mmoja alinifuata baada ya kipindi, mkataba uko kwenye simu. Alikuwa ameshausaini. Tuliusoma kipengele kwa kipengele tukiwa tumesimama koridoni. Tulipofika pale lebo inapomiliki rekodi duniani kote na kwa muda wote wa hakimiliki, akaniuliza, "Kwa hiyo mwalimu, hata nikizeeka?" Nikamwambia hata ukizeeka.

Nishike lipi? Natanguliza shukrani.

Ngoma_Kavu

Mkuu, shika ajira. Ufadhili wa miaka mitatu una mwisho, na uzamivu mara nyingi unadai mwaka wa nne ambao hakuna wa kuulipia. Mimi nilimaliza wangu wa masuala ya utamaduni, nikarudi kulipwa kwa vipindi kwa miaka miwili, palepale unaposimama wewe leo. Kusoma sijutii, ila hujatuambia nani anakutegemea nyumbani. Hilo ndilo la kwanza.

Bi_Muhula

Mdogo wangu, nimefundisha biashara ya muziki miaka 17 na nimekaa kwenye kamati za kuajiri. Tangazo la kutafuta mhadhiri wa panki sijawahi kuliona. Yanayotoka ni ya biashara ya muziki, historia, sosholojia, usanifu wa michoro. Watafiti wa panki wamo ndani ya idara hizo, wametawanyika, na wanakutana kwingine: kuna Punk Scholars Network, kuna jarida la kitaaluma la Punk & Post-Punk, kuna IASPM, jumuiya ya watafiti wa muziki pendwa iliyoanza 1981. Walimu wa biashara ya muziki nao wana chama chao, MEIEA, tangu 1979. Nenda kote kuwili. Mimi nimefanya hivyo, na hakuna aliyenifukuza.

Ila profesa huyo amekosea, na nataka uwe na la kumjibu.

Taaluma hii ya kuitafiti panki ilikulia sana Birmingham, Uingereza, kwenye kituo cha masomo ya utamaduni kilichoanzishwa 1964. Dick Hebdige alipita pale, na kitabu chake cha 1979 kiliwafundisha wengi kuisoma panki kama alama: pini, minyororo, nywele. Ni kazi ninayoiheshimu. Lakini ukiishia hapo utadhani wale vijana kazi yao ilikuwa kuvaa tu. Angela McRobbie na Jenny Garber, wa kituo hichohicho, walishauliza mapema wasichana wako wapi katika tafiti hizi za vijana. Wewe unauliza pesa ilipita wapi. Ni swali la utafiti, tena zito.

Anza na bendi ya Buzzcocks wa Manchester. Walikopa pauni 500 kwa ndugu na marafiki, Desemba 1976 wakarekodi nyimbo nne, na Januari 1977 wakatoa Spiral Scratch kwa lebo yao wenyewe, New Hormones. Nakala 1,000 za kwanza ziliisha, wakachapa tena na tena hadi zikafika kama 16,000. Jambo ninalolipenda ni kwamba kwenye jalada waliandika kila wimbo ulichukuliwa kwenye jaribio la ngapi. Kijana akigeuza jalada anaona studio haina uchawi, naye anaweza. Huo ni ujumbe wa kisiasa na ni somo la uzalishaji, na sijui utautenganisha vipi.

Halafu wape wanafunzi Factory, lebo ya Manchester ya 1978 ambayo haikutaka kuwafunga wasanii kwa mikataba ya kawaida. Mwaka 1992 ilipokuwa taabani, London Records walikuja kuinunua, wakakuta rekodi ni mali ya wasanii wenyewe, na ununuzi ukavunjika. Kampuni ilikufa, kazi zikabaki kwa waliozipiga. Waache darasani wabishane nani alishinda. Kwangu huwa wanabishana mpaka kengele. Na ili wasidhani kila lebo ya kujitegemea ina roho safi, wape pia kesi ya bendi ya Dead Kennedys: mwaka 2000 jopo la mahakama huko California lilikubaliana na wanabendi waliomshtaki mwimbaji wao kwa mirabaha, na lebo iliyohusika ilikuwa ya mwimbaji huyohuyo.

Sasa ajira. Vipindi 18 ni vingi mno, maana kila kipindi kinazaa karatasi za kusahihisha. Kabla ya kusaini, pata kwa maandishi: saa za utafiti kwa wiki, nani analipa ada ukisoma uzamivu wa muda mrefu huku unafanya kazi, na notisi za kozi utakazotunga ni mali ya nani. Kule kwenye uzamivu, omba msimamizi wa pili kutoka idara ya biashara. Ni ombi la kawaida. Profesa akikataa hata hilo, amekuonyesha miaka yako mitatu itakavyokuwa.

Nukta_Tatu

Namuunga mkono Bi Muhula, nina nyongeza moja. Andiko lako lisiishie kwa vijana weupe wa London. Poly Styrene, mwimbaji wa X-Ray Spex, baba yake alikuwa Msomali, na aliimba juu ya plastiki na ununuzi wa kila kitu wakati wenzake wakiimba kubomoa. Bad Brains wa Washington ni vijana weusi waliobadilisha kabisa kasi ya muziki huu.

Na kwa somo la masta huhitaji mfano mwingine zaidi ya Death, ndugu watatu wa Detroit. Walirekodi 1975. Kigogo wa lebo kubwa aliwataka wabadili jina la bendi, wakakataa, mpango ukafa. Lakini walihakikisha masta zinabaki mikononi mwao. Zilikaa darini miongo mitatu, na 2009 albamu ikatoka kwa lebo ya Drag City. Kaka yao David, aliyekataa kubadili jina, alishafariki mwaka 2000. Waambie wanafunzi wapige hesabu: kama masta zingekuwa kabatini kwa lebo, nani angekuwa na haki ya kuzitoa 2009?

Mzee_wa_Besi

Mimi sina shahada. Nilipiga besi kwenye bendi ya panki miaka saba, na nimeisoma mada hii mara mbili.

Alikuja kwangu mtafiti, kijana mpole, ana kinasa sauti. Tukaongea siku mbili. Nikampa bahasha ya picha 23 ambazo hazina nakala. Akasema anazipiga skani, anarudisha mwezi unaofuata. Huu ni mwaka wa sita. Moja nimeiona kwenye makala yake, chini imeandikwa "mkusanyo wa mwandishi".

Binti au kijana, sijui, lakini nakuomba. Tulitoka kwenye mikono ya mameneja waliotunyonya, tusije tukaingia kwenye ya maprofesa. Wewe unayefundisha hakimiliki ukija kututafiti huku ukiwa unaijua, mimi nitakufungulia mlango. Asiyeijua asije.

Pini_Yenye_Kutu (mleta mada)

Shikamoo mzee. Ni binti. Nimelisoma jibu lako nikalia, na naomba nikujibu wewe kwanza.

Mwandikie barua mtafiti huyo, nakala kwa kamati ya maadili ya utafiti ya chuo chake na kwa mhariri wa jarida lililochapa picha. Orodhesha picha zote 23 unavyozikumbuka: nani yumo, ukumbi gani, mwaka gani. Taja tarehe ulizompa. Na nina swali la muhimu: nani alizipiga? Kushika picha mkononi ni jambo moja, hakimiliki ni jingine, na kwa kawaida inaanza kwa mpigaji. Ukiniruhusu nitakuandalia rasimu, wewe utie saini.

Ngoma_Kavu, nina mtoto mmoja na mama yangu. Umenikumbusha nilichokuwa nakikwepa kukiandika.

Bi Muhula, nimefanya ulivyoniagiza. Nimewaandikia chuo cha ajira nikiomba vipindi 12, siku moja ya utafiti kwa wiki, na ada ya uzamivu. Wamejibu 14, siku moja kila baada ya wiki mbili, na nusu ya ada. Notisi zitakuwa zangu. Profesa nimemwomba abadili uzamivu wangu uwe wa muda mrefu, na mada iwe jinsi fanzini zilivyofundishana kutoa santuri: gharama, viwanda, usambazaji, migawanyo. Hajajibu. Akikataa natafuta msimamizi mwingine, ajira naishika. Nukta_Tatu, Death wameingia kwenye wiki ya tano.

Bi_Muhula

14 si mbaya. Waambie hiyo siku ya utafiti iwekwe kwenye ratiba kwa jina, ikiwa na saa zake, la sivyo kila mkutano utaiangukia.

Mzee_wa_Besi

Marahaba binti yangu. Andaa hiyo rasimu.

Alizipiga dada yangu mdogo, yupo hai, nimempigia simu jana usiku na yuko tayari kusaini. Orodha nimeanza, nimefika ya 16. Moja ni ya jukwaani, hatuonekani vizuri, mwanga mbaya. Ila nyuma yake mpiga ngoma wetu aliandika mapato ya usiku ule kwa penseli: watu 41 mlangoni, toa ukumbi, toa mafuta ya gari, kinachobaki gawa kwa wanne. Iandike hiyo iwe ya kwanza kwenye barua. Yeye ameshatangulia, na mwandiko wake mwingine sina.