Chombo kiko tayari, mwenyewe haleti injini. Salio langu limekwenda?

Fundi_Matondoni:
Asalaam aleikum ndugu zangu. Mimi ni fundi wa vyombo hapa Matondoni, Lamu. Nimemuundia mtu mashua ya watalii. Tuliandikiana kwamba salio, shilingi 280,000, "halitalipwa isipokuwa chombo kijaribiwe baharini kwa injini na nahodha wa mwenye chombo atie saini kabla ya mwisho wa Januari." Injini kuileta ni juu yake, imeandikwa. Nilimaliza wiki tatu kabla. Kila nikimpigia ni "kesho, inshallah". Januari ikaisha, sasa aniambia sharti halikutimia, hana deni. Mashua iko juani juu ya magogo, mbao zakauka, kalafati, yaani pamba ya kuziba mianya ya mbao, yaanza kuchomoza. Vijana wangu wawili sijawalipa. Nifanyeje?

Abu_Rasini:
Pole kaka, lakini saini ni yako. Sharti lilikuwa wazi na muda umepita.

Wakili_Pwani:
Abu, hiyo ni nusu ya sheria. Sharti la wazi hushikwa kama lilivyoandikwa, kweli, na mahakama haimwandikii mtu mkataba mpya. Ila aliyelizuia lisitimie kwa kukosa kufanya lililo juu yake, anaweza kudaiwa kwa kuvunja mkataba. Fundi, soma kesi ya Scotland ya Mackay v Dick ya 1881, ilifika Bunge la Mabwana la Uingereza. Mashine ya kuchimba iliuzwa kwa sharti la kujaribiwa mahali ambapo mnunuzi ndiye wa kupaandaa. Hakupaandaa ipasavyo, akaikataa mashine. Aliamriwa alipe bei. Kwetu Kenya, Sheria ya Mikataba, Sura ya 23, kifungu cha 2, inaleta sheria ya mikataba ya Uingereza, ingawa Mahakama ya Juu ya huko mwaka 2025 ilisema la kudai ni fidia, si bei yenyewe kama ya Mackay.

Kazi yako ni kuthibitisha mawili: wewe ulikuwa tayari kabla ya tarehe, na kilichokwamisha ni injini yake. Usifute ujumbe hata mmoja. Mwandikie barua, mtajie siku ya majaribio, mwambie alete injini. Akikaidi, dai lisilozidi shilingi milioni 1 lapelekwa Mahakama ya Madai Madogo, na waweza kujisimamia mwenyewe.

Mwana_Amu:
Kakangu, na chombo kifunike makuti, mbao uzimwagie maji ya bahari asubuhi na jioni. Ukikiacha hivyo, kesho atasema kinavuja, na hapo atakuwa na la kusema.

Fundi_Matondoni:
Ahsanteni sana. Makuti nimeshaweka. Bamvu, maji makuu, ni Jumamosi, ndiyo siku nitakayoitia kwenye barua. Nahodha wa jirani amekubali kuja kushuhudia, injini ije isije.