Bafu la ghorofani linavujia dari ya chini: silikoni mpya, grauti ya epoksi, dawa ya juu au kubomoa?

Mjengo_Juu
Habari wakuu. Naomba tulinganishe njia za kuzuia maji yanayopenya kuzunguka beseni la kuogea na shawa. Nyumba ni ya ghorofa moja, bafu liko juu, mita 2 kwa 2.4. Beseni ni la akriliki (aina ya plastiki), milimita 1700 kwa 700, limebanwa na kuta pande tatu, shawa iko juu yake. Ukutani kuna marumaru za 300 kwa 600, sakafuni 300 kwa 300. Dari ya jipsamu sebuleni ina doa la rangi ya chai. Bafu lisipotumika siku tatu, doa linakauka.

Mapendekezo yaliyopo mezani ni manne: kung'oa silikoni na kuweka mpya, kuchimba grauti ya zamani (kijazio cha kati ya marumaru) na kujaza ya epoksi (ya makopo mawili yanayochanganywa ikakaza), kupaka dawa isiyo na rangi juu ya marumaru, au kubomoa na kupaka utando wa kuzuia maji kabla ya marumaru mpya. Bei zinapishana mno. Ipi inafaa wapi?

BombaSafi
Mkuu, njia zote nne zinazuia maji yanayopita juu ya marumaru. Kama maji yanatoka kwenye bomba, utazilipia zote na doa litabaki palepale. Pima kwanza, kipimo kimoja kwa wakati, na kati ya kimoja na kingine acha saa 24, maana maji huchukua muda kushuka kwenye slabu (zege la sakafu ya juu).

Anza na bomba la kuingiza maji. Wengi huangalia mita, lakini nyumba nyingi hapa zinatumia simtanki, na mita inasoma maji yanayoingia tenki tu. Funga koki ya kuingiza tenki, funga bomba zote ndani, weka alama ya kalamu kwenye usawa wa maji, rudi asubuhi. Usawa ukishuka, kuna bomba linavuja, hita ikiwemo. Tenki likiwa juu mita 6, presha ni kama ba 0.6, kwa hiyo tundu dogo linatoa matone tu. Fundi mwenye pampu ya mkono aipandishe presha hadi mara moja na nusu ya ile ya kawaida, aone kama sindano inashuka.

Kisha beseni lenyewe. Jaza hadi tundu la juu la kupunguzia maji na uache saa nzima bila kulifungulia. Halafu fungulia yote. Likivuja lilipokuwa limejaa, shida ni washa (mpira wa kuzibia) ya tundu la juu au ya tundu la chini. Likivuja wakati wa kutoa, shida ni bomba la maji machafu.

Mwisho, shika shawa ya mkono umwagie ukuta tu dakika 15, ukianzia chini na kupanda. Halafu mtu mzima asimame ndani ya beseni wakati unamwagia pale linapokutana na ukuta. Hicho cha mwisho wengi wanakiruka, nacho ndicho kinachofichua mengi.

Na kabla ya yote, kama kuna taa kwenye hiyo dari au waya wa shawa ya umeme unapita ukutani, zima saketi hiyo.

Tindo_na_Mwiko
BombaSafi amemaliza. Mimi niseme kuhusu silikoni, kwa sababu ndiyo njia rahisi na ndiyo inayoharibiwa zaidi.

Pale beseni linapokutana na marumaru, na kwenye kona zote za ukuta kwa ukuta, grauti haitakiwi kabisa. Akriliki inalegea. Ukijaza lita 150 za maji na mtu ndani, ukingo unashuka milimita moja au mbili, grauti inakatika, na ufa wa unene wa karatasi unavuta maji kila mtu anapooga. Ukikuta mtu amepaka silikoni juu ya grauti iliyokatika, jua amefunika ufa, hajauziba.

Utaratibu: kata silikoni ya zamani kwa wembe, kwangua mpaka isibaki hata ngozi, kwa sababu silikoni mpya haishiki juu ya ya zamani. Chimba grauti yote kwenye ungio hilo. Futa kwa spiriti, acha pakauke kabisa. Unyevu ukibaki ndani, itabanduka kwa upande wa ukuta. Ungio liwe na upana wa milimita 5 au 6. Likiwa na kina kirefu, sukumia kamba ya sponji ndani, ili silikoni ishike pande mbili tu, juu na chini. Ikishika na nyuma pia, haiwezi kuvutika, inachanika.

Sasa jambo ambalo mafundi wengi hawalifanyi: jaza beseni maji kabla ya kupaka, na liache limejaa mpaka silikoni ikauke, saa 24 au zaidi. Silikoni inakauka kama milimita 2 hadi 3 kwa siku, kuanzia nje kwenda ndani. Ukipaka beseni likiwa tupu, siku ya kwanza likijaa linavuta silikoni na kuibandua.

Nunua silikoni ya bafuni yenye dawa ya kuvu, isiyo na harufu ya siki. Ile yenye harufu ya siki inatoa asidi, haishiki vizuri kwenye lipu na inadhuru marumaru za mawe ya asili. Hesabu yake: pande tatu za beseni ni mita 3.1, kona mbili za wima hadi mita 1.8 ni mita 3.6, jumla mita 6.7. Mrija wa mililita 300 kwenye ungio la 6 kwa 6 unatoa kama mita 8. Chukua miwili, kuna upotevu.

Kilifi_Mhandisi
Nakubaliana na ndugu Tindo kuhusu kona. Ila vigae vyenyewe, hizo mnazoita marumaru, vikaguliwe kabla ya kuamua kati ya silikoni na epoksi. Chukua sarafu, gonga kila kigae katikati na kwenye pembe nne. Mlio mtupu maana yake nyuma kuna uwazi. Huku pwani mafundi wengi bado wanabandika kwa madonge matano ya saruji badala ya kutandaza gundi kwa mwiko wenye meno. Maji yakiingia kwenye ungio moja, yanatembea kwenye huo uwazi na kutokea kigae cha nne chini. Ndiyo maana doa la dari mara nyingi haliko chini ya mahali panapovuja.

Grauti ya saruji si kizuizi cha maji. Inanyonya. Kazi yake ni kujaza nafasi na kushikilia kingo za vigae. Epoksi hainyonyi, haishiki uchafu, hailiwi na sabuni wala maji ya chumvi ya kisima. Lakini ina masharti. Chimba angalau theluthi mbili ya unene wa kigae, na isipungue milimita 3. Ukipaka utando mwembamba juu ya grauti ya zamani, utabambuka. Changanya makopo yote mawili kamili. Ukikadiria kwa macho, sehemu itabaki laini daima. Kwenye joto la Mombasa au Dar, mchanganyiko unaanza kukaza kabla ya nusu saa, basi fanyeni kazi watu wawili, mmoja anajaza, mwingine anafuta na sponji yenye maji kidogo. Ukungu wake ukikauka juu ya kigae, ni kazi ya kukwangua siku nzima.

Kiasi: kuta tatu za beseni hadi mita 1.8 ni mita za mraba 5.6. Kwa kigae cha 300 kwa 600, unene 8, ungio 3, ni kama kilo 0.2 kwa mita ya mraba. Kilo 2 zinatosha, pamoja na za kumwagika.

Hatari yake: ukifungia nyuma ukuta uliolowa, maji hayana pa kutokea ila upande wa pili. Ukishachimba, acha wazi wiki moja au zaidi, feni ikipuliza, ndipo ujaze.

Rangi_Zote
Wakuu, msiidharau dawa ya juu. Inapakwa kwa saa moja, bafu linarudi kazini kesho yake. Kwa mpangaji asiyeruhusiwa kubomoa, ni nini kingine?

Kilifi_Mhandisi
Inategemea dawa ipi, ndugu Rangi. Ziko mbili. Ya kwanza, ya silani, inaingia ndani ya grauti na kufanya maji yateleze badala ya kunyonywa. Inafaa kwa ukuta mzima usio na ufa, na inarudiwa kila baada ya muda. Haizuii maji yaliyotuama, na haivuki ufa, hata ule wa nywele. Ya pili ni plastiki angavu inayotandaa juu. Hiyo inashika vibaya kwenye kigae chenye kung'aa, inaanza kunyanyuka kwenye ukingo wa trapu (tundu la sakafuni la kutolea maji), na ikishanyanyuka inanasa maji chini yake. Kwa mpangaji, silikoni iliyowekwa sawasawa ni nafuu kuliko zote mbili na itamsaidia zaidi.

Mjengo_Juu
Majibu ya vipimo, wakuu. Tenki halikushuka. Beseni kujaa na kutoa, pakavu. Ukuta peke yake dakika 15, unyevu kidogo ukatokea baada ya saa kadhaa. Mtu kusimama ndani huku tunamwagia ukingo, matone yakaanza kabla ya dakika 10. Sarafu: safu mbili za chini upande wa bomba zinalia tupu, kama vigae tisa. Zingine ngumu.

Tindo_na_Mwiko
Basi umeshapata jibu. Ukingo ndio mlango mkuu, na zile safu mbili ndizo njia ya maji. Usibomoe bafu zima, wala usitegemee silikoni peke yake.

Bandua hizo safu mbili za chini kwenye kuta zote tatu. Kata ungio la juu kwa grainda kwanza, ndipo utumie tindo, la sivyo utapasua safu ya tatu. Angalia beseni limeshikiliwa na nini. Miguu ikiwa inacheza, ijaziwe chini kwa chokaa cha saruji, vinginevyo silikoni yoyote itachanika. Lipu iliyooza iondolewe, ipigwe upya, ikauke. Kisha dawa ya saruji ya vipande viwili, ile inayonyumbuka: unga na maji yake meupe. Paka mkono wa kwanza kwa brashi, lalisha mkanda wa kona ukiwa bado mbichi, mkono wa pili upite msalaba na wa kwanza, jumla milimita 2. Inakula kama kilo 1.7 kwa kila milimita kwenye mita ya mraba. Ishushe hadi ipande juu ya mdomo wa beseni unaoingia ukutani, maji yakipenya nyuma ya marumaru yarudi ndani ya beseni. Marumaru mpya zibandikwe kwa gundi iliyotandazwa nyuma yote, bila madonge.

BombaSafi
Naongezea mbili. Bomba za mchanganyiko wa maji moto na baridi zinapotoka ukutani, ule mfuniko wa duara wa chromu hauzuii chochote. Uvute, jaza silikoni kuzunguka bomba ndani ya tundu la marumaru, ndipo urudishe.

Na kama kuna siku mtafungua sakafu: plastiki ya trapu haishikamani na saruji. Ipake gundi ya bomba kwa nje, inyunyizie mchanga mkavu ikiwa bado mbichi, iache ikauke, ndipo uijengee kwa chokaa kisichosinyaa. Mteremko uwe milimita 10 hadi 20 kwa mita. Baada ya utando, ziba trapu, tuamisha maji sentimita 3 kwa saa 24, uweke alama. Marumaru zisiguswe kabla ya hapo. Sakafu nzima ya bafu lako pamoja na kuta za beseni, ukipandisha sentimita 15 kwenye kuta nyingine, ingehitaji karibu kilo 38 za dawa hiyo. Ndiyo sababu bei ya njia ya nne inatisha.

Dada_Ramani
Kaka Mjengo, kabla hujafunga kazi, fungua kipande cha dari na utazame tumbo la slabu. Vumbi jeupe la chumvi si tatizo kubwa, ni chokaa iliyobebwa na maji. Ukiona mistari ya kahawia inayofuata nondo, au zege limeanza kupasuka na kudondoka vipande, nondo zinaliwa na kutu. Hapo aitwe mhandisi kwanza, marumaru zisubiri.

Mjengo_Juu
Asante, dada. Tumefungua: ni jeupe tu, hakuna kutu. Tunaanza na safu mbili za chini. Swali la mwisho: doa la dari lipakwe rangi lini?

Dada_Ramani
Oga kama kawaida wiki mbili bila kuligusa, huku umelizungushia penseli. Likibaki ndani ya mstari na jipsamu ikiwa kavu, paka kwanza rangi ya mafuta mkono mmoja, kisha ya maji. Ukianza na ya maji, ile rangi ya chai itajitokeza tena. Jipsamu iliyopinda au inayobonyea kwa kidole, ikate, weka kipande kipya.