Naomba ushauri: king'amuzi kizuri cha kurekodi vipindi

Habari zenu wakuu. Natafuta king'amuzi cha antena, DVB-T2 (mfumo wa TV ya dijitali ya antena), kinachorekodi vizuri. Mama hataki kabisa kukosa tamthilia yake, na saa hiyohiyo wengine tunataka mpira. Nilichonacho kinarekodi, ila kina tyuna (sehemu inayonasa chaneli) moja tu: kikishaanza, ukibadili chaneli kinagoma. Kwenye flashi picha ilikuwa inakatakata. Nikahamia diski ya nje yenye umeme wake, ikatulia. Tatizo faili hazifunguki kwenye kompyuta, na mama angependa sana kuzitunza.

Je, chenye tyuna mbili na mlango wa USB kinatosha, au bora chenye diski ya ndani? Na kabla ya kununua, nitajuaje kama rekodi zake zitafunguka kwenye kifaa kingine?