Ushauri: niende kusomea upasuaji wa tezi au nibaki Dodoma?

Kisu cha Makole: Wakuu, habari za usiku. Mimi ni daktari bingwa wa upasuaji hapa Dodoma. Nimepata nafasi India, ubobezi wa upasuaji wa tezi za homoni: ya shingo, zile ndogo 4 za nyuma yake, na zinazokaa juu ya figo. Hapa napasua kila kitu, leo ngiri, kesho utumbo, goita moja moja. Mkono haukomai hivyo. Ada najilipia. Niende? Usingizi sipati.

Zabibu Chachu: Mkuu, mzee wangu anaamka usiku kucha kukojoa. Tezi hiyo unapasua kwa shilingi ngapi?

Kisu cha Makole: Hiyo tezi dume mkuu, mpeleke kwa daktari wa mkojo.

Mama Wawili: Shangazi yangu wa Kondoa alitolewa rovu. Alipona, ila mshipa wa fahamu wa sauti uliguswa, anakwaruza mpaka leo. Na alikuwa anaongoza kwaya! Nenda usome mwanangu.

Jirani wa Nzuguni: Ada umeitoa wapi? Mishahara yenu tunaijua.

Kisu cha Makole: Akiba tu.

Jirani wa Nzuguni: Akiba gani?

Kisu cha Makole: Haya. Nimeuza kiwanja cha Iyumbu. Hati ilikuwa kwa jina langu. Mama watoto nitamwambia viza ikitoka. Nusu ya ada nimeshalipa, nafasi kama hii haisubiri kikao cha ukoo. Theodor Kocher, daktari wa upasuaji wa Uswisi, alipewa Nobel mwaka 1909 kwa tezi hii hii ya shingo, na alipasua maelfu, siyo mbili kwa mwezi.

Babu Mkaguzi: Huyo Kocher naye aliuza kiwanja kwa siri? Umeshauza, umeshalipa, ushauri wa nini sasa? Mali ya ndoa haiuzwi kimya kimya. Shemeji yangu aliuza ng'ombe hivyo hivyo, leo analala kwa mama yake.

Nesi Mstaafu: Mnapewa chai na mnakunywa. Daktari gani anamwaga siri zake huku? Haya, jibu: goita imetolewa mchana, jioni shingo inavimba, mgonjwa anavuta pumzi kwa shida. Unafanyaje?

Kisu cha Makole: Sisubiri chumba cha upasuaji. Nafungua nyuzi hapo hapo kitandani, za ngozi na za misuli, damu iliyojikusanya itoke. Akipata hewa ndiyo tunakimbia theatre.

Nesi Mstaafu: Hapo sawa, daktari. Basi kabla hujamalizia ada, uliza: ukirudi, maabara yako inapima kalsiamu usiku? Kalsiamu ikishuka, mgonjwa akaanza ganzi midomoni na vidoleni saa 8 usiku, cheti cha India hakitamsaidia.

Zabibu Chachu: Nesi naye tumpime. Jibu kama hilo lipo mtandaoni.

Jirani wa Nzuguni: Acheni hayo. Kisu, Iyumbu uliuza bei gani? Nina cha jirani pale, kama umetushushia bei tutatafutana.