Ganda la tatu la agoni lina elektroni 8 tu: mbona tunasema limejaa?

Mwanafunzi, kidato cha tatu:
Shikamooni walimu. Tumefundishwa kwamba ganda la atomu huchukua elektroni 2n² (n ni namba ya ganda), yaani 2 katika ganda la kwanza, 8 katika la pili na 18 katika la tatu. Heliamu (2) na neoni (2:8) hazinisumbui. Lakini agoni ni 2:8:8, na ganda lake la tatu bado lina nafasi 10. Iweje nayo ihesabiwe miongoni mwa gesi ajizi, zile zisizoungana kwa urahisi na elementi nyingine?

Mwalimu wa kemia:
Marahaba. Kosa si lako, ni la neno “limejaa”, ambalo sisi walimu hulitumia tunapoharakisha somo. Ganda la tatu lina maganda madogo matatu: 3s lenye nafasi 2, 3p lenye nafasi 6 na 3d lenye nafasi 10. Agoni imekwisha kujaza 3s na 3p, na nafasi unazoziona wazi ni za 3d, ambalo nishati yake iko juu kiasi kwamba elektroni ya 19, ile ya potasiamu, huliruka na kuingia 4s. Tazama pengo lenyewe: kung’oa elektroni moja kutoka kila atomu katika moli moja ya agoni huhitaji kilojuli 1,521, ilhali kwa potasiamu ni 419 tu. Hilo 3d hujazwa baadaye, kuanzia skandi hadi zinki, ndiyo maana kriptoni husomeka 2:8:18:8.

Mchangiaji:
Naongeza kwamba hata neno “ajizi” lisichukuliwe kwa ukali. Mwaka 1962, huko Vancouver, Kanada, mkemia Neil Bartlett alitambua kwamba heksafloridi ya platini, iliyoweza kunyang’anya molekuli ya oksijeni elektroni, ingeiweza zenoni pia, kwa kuwa nishati inayohitajika inakaribiana mno. Alipozichanganya alipata yabisi ya rangi ya manjano. Elektroni za nje za zenoni ziko mbali na kiini, hivyo hazishikwi kwa nguvu sana. Neoni, ambayo elektroni zake ziko karibu na kiini, haikubali mchezo huo.

Mwanafunzi, kidato cha tatu:
Ahsanteni. Lakini berili (2:2) nayo imejaza 2s. Mbona si ajizi?

Mwalimu wa kemia:
Kwa sababu juu ya 2s kuna 2p, tena karibu sana kwa nishati, hivyo elektroni zake mbili hushiriki katika kuungana bila gharama kubwa. Juu ya 1s ya heliamu hakuna 1p.