Njia ya Marangu: siku tano au sita?

Swali: Ndugu zangu, natarajia kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, nami nimepewa hiari ya siku tano au sita. Je, siku ya ziada ina faida yoyote?

Jibu la 1: Chagua sita. Siku hiyo, ambayo wengine huidhania mbinu ya kuwatoza tu, hutumika katika kituo cha vibanda cha Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari, ambako utapanda hadi kwenye miamba yenye milia myeusi na myeupe, kisha urudi kulala palepale, ili mwili uzoee upungufu wa oksijeni kabla ya kuendelea hadi Kibo, kituo cha juu zaidi.

Jibu la 2: Naafiki. Kichwa kikiuma na kutapika kukianza, mwambie kiongozi wako bila kuona haya, kwani hali ikizidi, tiba ni kushuka.

Jibu la 3: Hema halihitajiki, kwa kuwa njia hiyo ina vibanda vyenye vitanda; mfuko wa kulalia, hata hivyo, usiuache.